Gitaa la Prudencia

Kijiwe chetu cha Mirongo ni ubao mrefu juu ya mawe mawili, ukutani pa duka la vipuri vya baiskeli. Jumamosi asubuhi Pius hufika na birika lake la kahawa akatukuta tumeshakaa: Luhende, fundi majokofu, tunayemwita Injinia, Ponsian, anayeimba sauti ya nne kanisani, tunayemwita Besi, na mimi, ambaye kwa sababu ya chuo kikuu wananiita Profesa. Jumamosi hiyo nilikuwa njiani kwenda mjini kununua gitaa. Binti yangu Prudencia ana miaka minane. Tangu tumzike mama yake, Sabina, alikuwa hajaniomba kitu chochote, hata soda. Juzi yake, akiwa anaosha vyombo, aliniomba gitaa. Sikutaka kukosea.

— Gitaa ni uzito, alisema Injinia. Shika mawili, chukua lililo zito. Jepesi hilo ni boksi.

— Nani kakudanganya? Besi akamrukia. Kwaya yetu tulinunua zito kama jiwe la kusagia. Mpigaji mpaka leo anatembea bega upande.

— Yule alizaliwa hivyo.

— Alizaliwa hivyo! Kwani ulikuwepo leba?

Pius akacheka, akanimiminia kahawa.

— Nimesoma kidogo, nikasema. Kwa mtoto, liwe dogo. Nyuzi za nailoni, zisimuumize vidole. Shingo iwe imenyooka, na nyuzi zisikae juu sana, asije akachoka kubonyeza.

— Hayo ya vitabuni, Profesa. Gitaa unaligonga mgongoni kama tikiti maji. Likiitika, limeiva.

— Hata kabati linaitika, Injinia!

— Na usinunue mvua ikinyesha. Mbao zinakunywa unyevu wa ziwa, unauziwa maji.

— Huyu anaongelea majokofu. Sikia, Profesa. Panda nalo kivuko mpaka Kamanga, urudi. Gitaa feki likifika katikati ya ziwa, tuni yote inatoka. Orijino linabaki vilevile.

— Na mwenye duka atakuruhusu uvuke nalo?

— Unamwachia kitambulisho.

— Kitambulisho! Wewe ukivuka umeshahamia Sengerema!

Hata mimi nilicheka. Besi, alipoona nimecheka, akanogewa. Akashusha sauti.

— Lakini njia ya uhakika ni moja. Gitaa zuri ukiliegemeza ukutani, nyumba ikiwa kimya, linatoa sauti lenyewe. Kidogo tu. Kama mtu anayetafuta wimbo chumba cha pili.

Sabina alikuwa na tabia hiyo, kuutafuta wimbo bila maneno akiwa chumba cha pili. Besi aliimba naye kwaya moja miaka mingi. Akaweka kikombe chini.

— Nisamehe, kaka.

— Hamna neno.

Wakati huo akasimama mbele yetu Hellen, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia mtaani kwetu hivi karibuni.

— Shikamooni. Pius, naomba kahawa.

— Marahaba, mwalimu, akasema Injinia. Tunamchagulia binti wa Profesa gitaa. Anaanza kujifunza.

— Vizuri. Anatumia mkono gani?

— Mkono gani kivipi?

— Magitaa mengi ya dukani nyuzi zimepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Mtoto wa kushoto atahangaika nalo, halafu ataliacha.

— Wa kulia, nikasema. Tunakula pamoja kila siku.

— Kula na kusalimia tunafundishwa sote kulia, baba. Kwetu ukinyoosha wa kushoto ulikuwa unachapwa. Mimi nauliza akichora. Akirusha jiwe. Akiwa hakuna anayemwangalia.

Injinia akanitazama. Besi, aliyemzoea Prudencia tangu akibebwa mgongoni, akatazama chini. Mimi nilimtafuta mwanangu kichwani, akiwa sebuleni na penseli. Nilimwona ameinama, nikaiona na mistari ya nywele zake, ambazo siku hizi anazisuka jirani. Mikono sikuiona.

— Mama yake ndiye aliyekuwa anajua, nikasema.

Nikamrudishia Pius kikombe. Sikwenda mjini. Nilirudi nyumbani kumtazama.