Hatua Elfu Sita

Ndani ya mtumbwi wa kwenda Ikombe, Atupele alijifanya anatazama maji, kumbe masikio yote yalikuwa kwa mwalimu mgeni Restituta na mama mfinyanzi aliyetoka kuuza vyungu Matema.

“Daktari anataka hatua elfu sita kwa siku, presha ishuke. Simu inasoma mia nne tu,” Restituta alilalamika.

“Nifunge mimi hiyo simu kiunoni, mwanangu. Nikipanda kuchimba udongo mara tatu, utakuwa umekonda.”

“Ndaga, asante mama, lakini moyo unaougua ni wangu.”

“Na ukikonda, kiuno kizuri hicho unamwachia nani?”

Atupele akaficha kicheko kwenye khanga. Mtumbwi ulipogusa mchanga, mama akamkabidhi mwalimu kikapu kitupu. “Basi twende wote kuchimba udongo. Simu ikishindwa kuhesabu hatua za kubeba mzigo, tutaisaidia.”