Saa Njema ya Waziri

Kwenye basi la kwenda Matara, kusini mwa Sri Lanka, mzee Jinadasa, mnajimu, alijifanya amesinzia. Nyuma yake mama mmoja alikuwa akimlalamikia karani aliyeketi naye.

"Maduka matatu ya dawa, kaka, na jibu ni lile lile: insulini hakuna, dola za kuagizia hakuna. Mume wangu nimtibu kwa maji ya moto? Rupia imebaki ya kufungia karanga!"

"Sasa waziri wa fedha afanyeje, dada? Dunia nzima imechafuka."

"Dunia nzima, ila kiti chake kizima! Huu mwaka wa saba. Na alikula kiapo saa tatu na dakika kumi na moja kamili, saa njema ya kupangiwa na mnajimu. Tapeli mkubwa, huyo mnajimu!"

"Labda alikosea hesabu tu."

Hilo la hesabu lilimchoma Jinadasa kuliko utapeli. Miaka arobaini hajakosea hata dakika. Waziri alimjia na fungu la majani ya tambuu, ada ya heshima, akalitoa kwa mikono miwili, akaomba saa ya kuapa itakayomkalisha kitini asing'oke. Akapewa.

Basi likasimama penye sanamu ya Buddha, kondakta akashuka kutia sarafu kwenye sanduku la sadaka, safari iwe salama. Mama akamnyooshea noti dirishani. "Nitilie na hii. Ya mume wangu."

Jinadasa alitaka kugeuka awaambie kwamba hesabu ilikuwa sawasawa. Waziri aliulizia kiti tu. Na yeye, nyota zote zikiwa wazi mbele yake, hakuona haja ya kuiulizia nchi.