Mama Usubi na Ufa Ulioachwa Wazi

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mchana wa jua kali, katika nyumba ya mawe iliyokuwa nyuma ya machimbo. Baba yake alikuwa mchonga mawe na mama yake mshona nguo. Wengi wenu mlimwita Mama Usubi, na msione haya kulitamka jina hilo hapa, maana alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu hakuwa na habari na vitu vya kuchezea. Alilala chali mkekani, akatazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirishani, mpaka usingizi ukamchukua macho yakiwa nusu wazi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, ile iliyo nyuma ya ghala la reli. Siku moja mwalimu wake wa darasa la tatu alimkuta ameegemeza sikio ukutani.

"We mtoto, unasikiliza nini?"

"Nasikiliza kama kuna watu ndani, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Inasemekana mwalimu alingoja watoto watoke, kisha naye akaweka sikio. Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 1969, akafaulu vizuri biolojia, na kuchora akaanguka vibaya sana.

Tarehe 2 Mei 1972 aliajiriwa na ofisi ya afya, kitengo cha wadudu. Miaka hiyo mitaa ya machimbo ilisumbuliwa na vidonda visivyosikia dawa ya kupaka. Kinaanza kipele kisichouma, kinageuka kidonda, kinakaa miezi, na kikipona kinaacha kovu. Anayekisambaza ni usubi, mdudu wa rangi ya mchanga, mdogo kuliko mbu, asiyevuma sikioni. Hushinda ndani ya nyufa za kuta, jua likizama hutoka, na vimelea alivyovinyonya kwa mmoja humwachia mwingine. Kazi ya marehemu ilikuwa kupaka karatasi mafuta ya nyonyo, kuzipachika kwenye nyufa alasiri, na kurudi asubuhi kuona nani amenasa. Kwa hiyo alivijua vyumba vya kulala vya mtaa mzima, na mambo yake, lakini mdomo wake ulikuwa na kufuli.

Ofisi hiyohiyo ilituma mafundi wazibe nyufa. Asubuhi moja mwaka 1974 marehemu alirudi kwenye nyumba ya muuza mkaa, akakuta ukuta umepigwa lipu laini, na karatasi zake zote zimo ndani.

"We fundi, una wazimu? Umenizikia karatasi zangu!"

"Samahani, dada. Niliambiwa nizibe ufa. Sikuambiwa ufa una mwenyewe."

Alinuna wiki nzima. Fundi naye, tangu siku hiyo, hakugusa ukuta wowote kabla ya kubisha hodi kwa mpini wa mwiko na kuuliza kwa sauti, "Ufa huu una mwenyewe?" Mtaa mzima ulicheka. Marehemu alijikaza asicheke, akashindwa, na tarehe 20 Disemba 1975 wakafunga ndoa. Walijaliwa watoto watatu. Fundi aliziba nyufa za watu miaka na miaka, za kwao zikawa za kesho na keshokutwa. Alipoanza hatimaye chumba chao cha kulala, Juni 2004, alifika katikati ya ufa ulio juu ya kitanda, akashuka ngazini aoshe mikono, akaanguka. Moyo ulikuwa umesimama.

Ule ufa ulibaki nusu. Upande mmoja lipu laini, yenye alama ya dole gumba lake pembeni. Upande mwingine wazi. Watoto walitaka kuita fundi mwingine. Marehemu aligoma katakata. "Mwenyewe hajamaliza," alisema. Kila alasiri alipachika karatasi zake pale, na kila asubuhi zilitoka tupu. Lakini mafuta yalianza kuacha madoa kwenye lipu ya mumewe. Akaacha kuzipachika. Alilala akitazama ile alama ya dole mpaka usingizi umchukue, na alisema kwamba huko ndotoni ukuta ulikuwa ukipumua polepole, na fundi yuko upande wa pili anakoroga saruji.

Mwaka 2009 mjukuu wake mdogo alikuja likizo, akalala naye kitanda kimoja. Miezi miwili baadaye mtoto aliota kipele shavuni. Nyumbani walipaka marhamu, wakasema chunusi za joto. Marehemu alipomwona alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Alasiri ile alipachika tena karatasi kwenye ule ufa. Asubuhi usubi walikuwa wamenasa, mbawa juu. Binti yake alimkuta ameketi sakafuni.

"Mama, kuna nini?"

"Nimewaambia watu maisha yangu yote wazibe. Nimemuuza mtoto kwa ajili ya ukuta, jamani!"

Mtoto alipelekwa hospitali, akachomwa sindano pembezoni mwa kidonda, akalia sana. Siku hiyohiyo marehemu alichukua mwiko wa mumewe, akapanda ngazi. Binti yake, aliyekuwa ameshika ngazi, alimsikia akigonga ukuta kwa mpini. "Ufa huu una mwenyewe?" Alisubiri kwa muda mrefu, kisha akaziba, na alama ya dole ikazibwa pia. Lipu ilikuwa ya ovyo, mabonde na milima, na aliicheka mwenyewe huku machozi yakimtoka.

Marehemu aliugua figo kuanzia 2021, na alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2023, asubuhi, chini ya ukuta huo. Siku chache kabla alimwita mjukuu wake, akamgusa shavu.

"Hili kovu langu limekuharibu sura, mwanangu."

"Bibi, acha hizo. Ule ufa hukuuziba. Umehamia kwangu tu, na mimi nimekubali kuutunza."

Alimtazama kama alivyokuwa akilitazama vumbi, akasinzia.

Ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, wakwe, wajukuu saba, na kuta nyingi za watu zilizo salama. Mjukuu huyo ndiye anayewasomea wasifu huu. Walioketi mbele wanaliona kovu, na ruksa kulitazama. Bibi amelazwa ubavuni mwa fundi wake. Aliyekuwa akisubiriwa upande wa pili amefika, na wapumzike kwa amani wote wawili.