Wasusi Tisa

Msichana wa dirishani aliuficha mguu wake wa kulia chini ya kiti cha basi. Kiatu kilikuwa kimeachama tangu asubuhi, na mtaani kwao hapakuwa na fundi viatu hata mmoja. Mbele yake walikaa wanawake wawili waliojuana kituo kimoja tu kilichopita, na tayari walikuwa wakibishana kama mawifi.

"Umefunga saluni ili ushone viatu?" aliuliza mama mwenye kikapu. "Mwanangu, nywele haziachi kuota."

"Haziachi, mama, ila vichwa ni vilevile," alijibu dada aliyepakata mfuko wa nyundo na sindano mpya. "Mtaa mmoja, wasusi tisa. Juzi nilimsuka jirani, naye akanisuka mimi, tukashukuriana, tukalala njaa."

"Punguza bei."

"Wote tumepunguza. Na mwenye kiatu kibovu hupanda basi hadi mjini, akifika hununua na sabuni hukohuko. Dukani kwetu nani atanunua?"

"Na nani atampa mwanamke kiatu chake?"

"Aliyechoka kutembea peku."

Mama aliguna, na guno lake lilikuwa refu kuliko hoja zake zote. "Utanikumbuka," alisema basi liliposimama.

Dada alishuka. Msichana, ambaye hata kushushwa huomba kwa kunong'ona, alishuka nyuma yake, akavua kiatu, akamnyooshea.

"Utaanza lini, dada?"

Dada aliketi palepale kwenye benchi la kituo, akafungua mfuko.

"Nimeshaanza."