Sista Aliyenifungia Dirisha

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya kazi, Sista Inama anavua sare. Nimeombwa niandike kwa utulivu. Mniwie radhi, sitaweza.

Alianza wodi ya watoto, akahamia chumba cha kupokea wagonjwa wa dharura, na hapo akang'ang'ania. Waganga wakuu saba wamekuja na kuondoka, meza yake haijasogezwa hata kidogo. Jina la Inama alibandikwa na madaktari vijana kwa utani, maana kila aliyefika ameshika kifua aliulizwa maswali yaleyale manne. Ulikuwa na mafua au homa siku za karibuni? Ukivuta pumzi ndefu, kunachoma? Ukilala chali, maumivu yanazidi? Ukikaa ukainama mbele, unapata nafuu? Majibu yakiwa ndiyo, alishuku kwamba utando unaozunguka moyo umevimba. Hata yakiwa hapana, mgonjwa alipelekwa kwenye kipimo cha moyo palepale, kwa kuwa Sista hakubahatisha na kifua cha mtu.

Kasoro anazo. Hajawahi kurudisha kalamu ya mtu.

Mimi ni mfamasia wa dirisha la dawa, na sisi wa dirishani tuna ugonjwa wetu: tunajitibu wenyewe. Miaka sita iliyopita kifua kilinichoma, nikajiamulia kuwa ni kiungulia. Siku tatu nikatafuna vidonge vya rafuni kwangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, mtoto wetu wa kwanza, nami nikawa namwambia ni gesi tu.

Sista alikuja kuchukua dawa, akanikuta nahudumia watu nimeegemea kaunta kwa viwiko, mgongo umepinda. Hata salamu hakutoa. Aliuliza maswali yake, na yote manne nikajibu ndiyo. Mafua yalikuwa yamenitoka wiki mbili tu kabla. Bado nikajitia kumsomesha kuhusu asidi ya tumbo. Akafunga dirisha langu, foleni ikilalamika, akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu na koti langu jeupe mwilini. Aibu niliyoipata siku ile, acheni tu. Daktari alisikia mkwaruzo moyoni, na picha ikaonyesha maji yameanza kuubana moyo. Yalitolewa mchana uleule. Daktari aliniambia wazi kwamba ningengoja hadi kesho yake, huenda nisingefika.

Mwaka jana maswali hayo yaliingizwa kwenye fomu ya mapokezi, na madaktari waliomcheka ndio wanaoyafundisha sasa. Nina furaha kubwa nikiandika haya.

Sista, pumzika, ulale hadi saa nne, uamke unapotaka, na afya ikufuate kila uendako. Wenzako wote tunakushukuru. Binti yangu, aliyezaliwa miezi minne baada ya siku ile, ndiye atakayekukabidhi maua. Ukiyapokea, mwangalie vizuri: huyo ana baba kwa sababu yako.