Msikiruke Kikomo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaochungulia madirishani: habari zenu.

Nimeambiwa leo naagwa, nikapumzike. Mniwie radhi, utulivu huo sina. Mwili uko hapa, roho iko darasani, kwa sababu juzi ratiba mpya ya hisabati ilibandikwa ofisini kwetu, na mada ya kikomo, ile namba ambayo jibu huisogelea hata lisipoifikia, ndiyo mlango wa kuingilia kalkulasi yote, hisabati ya mabadiliko, imekatwa. Eti inapoteza muda! Eti watoto waanze moja kwa moja na kanuni: shusha kipeo, punguza moja, chukua maksi, kwaheri. Mkuu, wewe ni mdogo wangu kikazi na nakupenda, ndiyo maana nakusema mbele za watu.

Njia hiyo ya mkato tuliijaribu na mkondo mmoja muhula uliopita. Tukawauliza: x mraba toa nne, gawanya kwa x toa mbili, x ikikaribia mbili, jibu linakaribia ngapi? Wakaingiza mbili, wakapata sifuri kwa sifuri, na darasa zima likaandika moja, kwani kitu kikigawanywa kwa chenyewe si ni moja? Mnacheka. Mimi niliumia.

Mkondo wa pili niliwafundisha mwenyewe, taratibu, na kwa swali lile lile nikawaambia jibu linakaribia nne. Humo yumo binti tunayemwita Wakili, kwa ubishi wake. Alisimama, mikono kiunoni. "Mwalimu, pale kwenye mbili penyewe kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa hiyo nne yako imetoka wapi? Mbona unatuzuga?"

Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Moja nukta tisa ikampa tatu nukta tisa. Moja nukta tisa tisa, tatu nukta tisa tisa. Akaja kwa upande wa juu: mbili nukta moja, nne nukta moja. Kisha akasema, "Kumbe ni kama kuuliza njia. Majirani wa huku na wa kule wote wananionyesha mlango mmoja. Nikipiga hodi, mwenye nyumba hayupo, lakini nyumba nimeshaijua." Ndugu zangu, miaka yote hii ya kula vumbi la chaki sijapata kukieleza kikomo vizuri hivyo.

Je, kwa haraka yetu hii, Wakili mwingine atapata wapi nafasi ya kuuliza? Au tunataka watoto wanaojibu wasichokielewa?

Zawadi zenu nimezipokea kwa mikono miwili, na maneno yenu yamenitoa machozi. Asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunivumilia. Lakini Mkuu, kesho asubuhi kidato cha tano wanaanza kalkulasi, na mwalimu aliyenirithi yule pale, kalamu mkononi. Mwambie sasa hivi, wote tusikie, aanzie wapi. Mimi siketi mpaka ujibu.