Sisi Watu wa Ibra

BI TAMIMA: Haloo! Nani anayenipigia na kahawa iko jikoni?

IBTIHAL: Mimi, Shangazi. Ibtihal. Shikamoo.

BI TAMIMA: Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako kama uko ndani ya mtungi?

IBTIHAL: Mtandao, Shangazi. Niko juu huku, natafuta pa kusimama ishike— [mikwaruzo] —hapa. Unanisikia?

BI TAMIMA: Juu wapi? Mimi nilikutuma mjini Ibra.

IBTIHAL: Ibra nimekwenda. Nimeshatoka.

BI TAMIMA: Umepata karatasi ya nasaba yetu?

IBTIHAL: Nimepata. Yaani... nimepata, ndiyo.

BI TAMIMA: Alhamdulillahi. Basi Ijumaa wakija hao kina Laith kusikiliza jawabu la posa yao, nawawekea karatasi mbele yao. Khelef bin Hud, baba yangu mimi, babu yako wewe, mtu wa Ibra. Watu wa Ibra hatuozi jabali, na hao ni watu wa mlimani. Hapana kelele. Haluwa watakula, kahawa watakunywa, watakwenda zao.

IBTIHAL: Shangazi, Shatha hana haja na karatasi. Binti yangu anampenda yule kijana.

BI TAMIMA: Nani kakataza kupenda? Nimekataza kuoana.

IBTIHAL: Kijana mwenyewe ana kazi yake hotelini, anaswali, mama yake—

BI TAMIMA: Mama yake anachemsha mawaridi.

IBTIHAL: Si ndiyo marashi unayonunua wewe?

BI TAMIMA: Kununua ni kununua. Baba yake Shatha anasemaje?

IBTIHAL: Kanitupia mimi. Anasema, shangazi yako ndiye mkubwa wenu aliyebaki, akisema ndiyo na mimi ndiyo.

BI TAMIMA: Mtu wa akili sana yule. Haya, nisomee karatasi.

IBTIHAL: Ziko mbili. Wameniletea picha zake kutoka Nyaraka za Unguja. Ya kwanza ya bandarini, siku aliyoshuka melini. Imeandikwa, Khelef bin Hud, wa Ibra. Mdhamini wake fulani, mtu wa Ibra, mwenye duka Malindi ya Unguja.

BI TAMIMA: Wa Ibra. Khalas. Funga, rudi nyumbani.

IBTIHAL: Sijamaliza. Nimekwenda nayo Ibra kwa wajukuu wa huyo mdhamini. Wamenikaribisha, tende, kahawa, matunda, mpaka nimeona haya. Wakanitolea nasaba yao yote, watu wa Oman na watu waliokwenda Afrika. Babu hayumo.

BI TAMIMA: Watafute vizuri.

IBTIHAL: Wamecheka, Shangazi.

BI TAMIMA: Wamecheka nini?

IBTIHAL: Wanasema babu yao alikuwa na huruma. Kila akisikia kuna mgeni kashuka hana mtu wa kumdhamini, anakwenda bandarini anasema, huyu wangu. Karani anaandika Ibra. Wamesema— [mikwaruzo] —nusu ya watu wa Ibra wa Unguja, Ibra hawajapata kuiona.

BI TAMIMA: Wana kiburi hao. Watu wa Ibra wana kiburi toka zamani.

IBTIHAL: Si ndio sisi?

BI TAMIMA: Usinichanganye. Tuliporudi huku Oman baada ya mapinduzi, shekhe wa Ibra mwenyewe alitushuhudia serikalini. Kwa mdomo wake!

IBTIHAL: Alishuhudia akiwa kaishika karatasi hiyo hiyo ya bandarini.

BI TAMIMA: Ya pili inasemaje?

IBTIHAL: Ya pili ya kwa kadhi. Unakumbuka lile duka babu alilouwekea wakfu msikiti?

BI TAMIMA: Nalikumbuka. Mama alinuna mwezi mzima.

IBTIHAL: Basi pale kaapa mbele ya kadhi. Kataja jina lake mpaka babu wa nne, na kataja kwao.

BI TAMIMA: Bandarini mtu anasema lolote ili apite. Lakini wakfu... Wakfu unampa Mungu. Baba hasemi uongo kwenye wakfu.

IBTIHAL: Ndiyo maana nimekupigia wewe kabla ya mtu yeyote.

BI TAMIMA: Sema, Ibtihal.

IBTIHAL: Kijiji cha Hayl Rumman. Jabal Akhdar.

BI TAMIMA: [kimya]

IBTIHAL: Haloo? Shangazi? Imekatika?

BI TAMIMA: Haijakatika. Kahawa imefurika. Yaani jabali.

IBTIHAL: Jabali.

BI TAMIMA: Chini chini huku, au juu?

IBTIHAL: Juu kabisa, Shangazi.

BI TAMIMA: Si ndiko wanakotoka hao kina Laith?

IBTIHAL: Kijiji hicho hicho. Nyumba mbali mbali, lakini maji mamoja.

BI TAMIMA: Subhanallah. Karatasi nayo inakosea. Makarani wa zamani walikuwa wanaandika huku wanasinzia.

IBTIHAL: Na mimi nilisema hivyo hivyo, ndiyo nikapanda nije nione kwa macho yangu. Nikamkuta msimamizi wa falaji, yule anayegawa zamu za maji ya mashamba. Nikamuuliza, ami, umepata kumsikia Khelef bin Hud? Akanijibu, zamu yake kesho asubuhi.

BI TAMIMA: Zamu ya nani?

IBTIHAL: Ya babu. Maji inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

BI TAMIMA: Yanaitwa.

IBTIHAL: Yanaitwa. Jamaa za ndugu yake ndio wanaomwagilia makomamanga yake. Sehemu yake ya maji hawakuiuza, wala hawakuigawana. Wanasema mwenyewe yuko safarini.

BI TAMIMA: Safarini! Baba kafa hata mapinduzi hayajatokea!

IBTIHAL: Huku hawakuambiwa.

BI TAMIMA: Tulikuwa tunamuuliza, unajua? Mimi na baba yako, watoto wadogo. Baba, Ibra kukoje? Yeye anatazama chini. Tukadhani ni adabu.

IBTIHAL: Kwa nini asiseme tu?

BI TAMIMA: Angesema saa ngapi? Mama alishawatangazia majirani wote, mume wangu mtu wa Ibra. Ibra ina majumba, mwanangu. Ingekuwa vigumu kuirudisha. Nani kakuonyesha hayo makomamanga?

IBTIHAL: Bi Rawya, mama mtu mzima. Ni mjane wa mtoto wa ndugu yake babu. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu, alisomesha huko mjini Sur zamani. Aliitwa Muhanna.

BI TAMIMA: [kimya]

IBTIHAL: Shangazi?

BI TAMIMA: Nipo. Marehemu, umesema?

IBTIHAL: Kafariki mwaka jana.

BI TAMIMA: Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Mrefu?

IBTIHAL: Pichani mrefu. Ulimjua?

BI TAMIMA: Tulisomesha skuli moja. Yeye upande wa wavulana, mimi upande wa wasichana. Katikati palikuwa na ukuta.

IBTIHAL: Shangazi... ndiye yule aliyekuja kukuposa?

BI TAMIMA: Nani kakwambia mimi nimepata kuposwa?

IBTIHAL: Mama, zamani. Hakunitajia jina.

BI TAMIMA: Mama yako alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Ndiye. Alikuja na wazee wake. Tuwaini, baba yako, akawapa kahawa pale pale mlangoni, hata ndani hawakuingia. Akawaambia, sisi watu wa Ibra, hatuozi jabali.

IBTIHAL: Na wewe ulisemaje?

BI TAMIMA: Mimi sikuulizwa. Niliosha vikombe.

IBTIHAL: Lakini Shangazi... huyo mtoto wa ami yako! Mtoto wa ami ndiye mwenye haki ya kukuoa kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba kamrudisha mtoto wa ami yake mwenyewe mlangoni—

BI TAMIMA: Usimseme baba yako, ni marehemu. Tuwaini hakujua. Mimi sikujua. Yeye Muhanna hakujua; Khelef wa Ibra kwao alikuwa Khelef mwingine. Aliyejua tulikwisha kumzika Unguja. [mikwaruzo] ...alimuoa lini?

IBTIHAL: Nani?

BI TAMIMA: Huyo Bi Rawya. Alimuoa lini?

IBTIHAL: Sijui, sikumuuliza. Lakini wana watoto wengi, wajukuu tele, nyumba imejaa.

BI TAMIMA: Vizuri. Vizuri sana.

IBTIHAL: Shangazi, mimi sikutaka kukuumiza. Nilisita kupiga, wallahi, nimezunguka hapa na simu mkononi—

BI TAMIMA: Ulitaka kunificha?

IBTIHAL: Kidogo.

BI TAMIMA: Umemfuata babu yako.

IBTIHAL: Chaji inaniishia. Nimwambie nini Shatha? Toka jana hali chakula, yuko chumbani, kila dakika ujumbe: mama, shangazi yako kasemaje, mama, shangazi yako kasemaje.

BI TAMIMA: Wapigie kina Laith. Waambie Ijumaa wasije.

IBTIHAL: Shangazi! Baada ya yote haya? Haki ya Mungu mimi—

BI TAMIMA: Ibtihal—

IBTIHAL: —sijaona mtu mwenye kichwa kigumu—

BI TAMIMA: Nisikilize kwanza! Wasije, kwa sababu tunakwenda sisi. Mimi wageni wa jabali niliwangojea mara moja, nikiwa na nywele nyeusi, nikawasikia kutoka jikoni wanarudishwa. Sitaki kungoja tena. Jawabu nawapelekea mwenyewe, na jawabu ni ndiyo.

IBTIHAL: Ndiyo?

BI TAMIMA: Ndiyo. Mtoto apewe mume wake.

IBTIHAL: Lakini upande wa mwanamke kupanda mpaka kwa mume... Watu watasemaje?

BI TAMIMA: Nani kasema nakwenda kwa mume? Nakwenda kwa Bi Rawya kumpa mkono wa taazia. Mwaka umepita, lakini mimi ndiyo kwanza nasikia. Kina Laith watanikuta hapo.

IBTIHAL: Inshallah. Inshallah, Shangazi. [mikwaruzo] Unalia?

BI TAMIMA: Nalia. Kwani kuna sheria?

IBTIHAL: Hapana, Shangazi. Simu inazima sasa hivi—

BI TAMIMA: Basi usinikate! Gari uje na la kupanda mlima, si hilo lako dogo. Na Shatha mwambie ale, kisha anitafutie sweta zito, maana huko kwetu kuna bari—

[Simu imezima.]